Mkataba wa 1950 kati ya China na Umoja wa Kisovieti: uliandikwa nini, na urafiki ulivunjwa na nini

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia, kidato cha tano na cha sita, mkoani Morogoro. Kila mwaka wanafunzi wangu wanaandika kwamba China na Urusi zilikuwa "ndugu wa kikomunisti", kisha mwaka 1960 "zikatofautiana kiitikadi", basi. Naomba kujua: mkataba wao wa 1950 ulisema nini hasa, na nani alipata nini? Uligeukaje kuwa uhasama ndani ya miaka kumi? Na ni kweli kwamba njaa kubwa ya China ya 1959 hadi 1961 ilitokana na kulipa madeni ya Warusi?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako hawajakosea sana, wameanzia mwisho tu. Itikadi ilikuja kuwa lugha ya ugomvi ule, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa umekwishaingia ndani ya makubaliano ya Februari 1950, hasa kwenye kurasa ambazo hazikutangazwa. Jambo lililowakera Wachina tangu siku ya kwanza ni nani mwenye amri juu ya ardhi yao, reli zao, bandari zao na ulinzi wao. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mazungumzo ya Moscow na vifungu vyake, kisha nipite mbio kwenye yale ambayo vitabu vya kiada vimeshayaeleza.

Kuna mkataba ambao wengi huuruka. Tarehe 14 Agosti 1945 Stalin aliingia mkataba wa urafiki na China, ila ilikuwa China ya Chiang Kai-shek na chama chake cha Kuomintang. Miezi sita kabla yake, mjini Yalta, Roosevelt na Churchill walikuwa wamemwahidi Stalin kwamba akiingia vitani dhidi ya Japani atarudishiwa haki ambazo Urusi ya kifalme ilizipoteza huko Manchuria (kaskazini-mashariki mwa China) iliposhindwa na Wajapani mwaka 1905. Chiang hakuwa na ubavu wa kukataa. Akakubali reli ya Changchun iendeshwe kwa ubia kwa miaka 30, kituo cha wanamaji cha Lüshun (ramani za zamani hukiita Port Arthur) kitumiwe kwa pamoja kwa muda huohuo, Warusi wapate upendeleo kwenye bandari ya Dalian, na Mongolia ya Nje itambuliwe kuwa nchi huru baada ya kura ya maoni. Mao alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 Oktoba 1949, Moscow iliitambua kesho yake. Lakini mkononi bado ilikuwa imeshika hati iliyoandikiana na adui wa Mao, na hati hiyo ilikuwa na manufaa makubwa mno kwa Stalin kuitupa hivihivi.

Kwa nini Mao asibishe hodi kwingine? Tarehe 30 Juni 1949, kabla serikali yake haijatangazwa, alikuwa ameshaandika kwamba China itaegemea upande mmoja, upande wa Moscow. Hiyo ilikuwa moja ya kanuni tatu za mambo ya nje. Nyingine ilikuwa kuwasha jiko jipya, yaani uhusiano wa kibalozi wa serikali iliyoanguka haurithiwi, kila nchi inaanza upya. Na nyingine kufagia nyumba kabla ya kukaribisha wageni: haki na majeshi ya mabeberu yaondoke kwanza, mabalozi baadaye.

Kwa vitendo ilikwenda hivi. Nchi isiyo ya kikomunisti ikitangaza kuitambua Beijing, haikupokelewa hapohapo. Iliitwa mezani ikaulizwa: mmekata uhusiano na serikali ya Chiang iliyokimbilia Taiwan? Mtatuunga mkono tupate kiti cha Umoja wa Mataifa? Mali za China zilizoko kwenu mtazikabidhi? Majibu yakiridhisha, ndipo mabalozi wanabadilishana. India na Burma zilipita kwenye mlango huo ndani ya mwaka 1950. Uingereza, iliyotangaza utambuzi wake tarehe 6 Januari 1950 kwa kuihofia Hong Kong na rasilimali zake za Shanghai, ilikwama, kwa sababu ilibakiza ubalozi mdogo Taiwan na haikutaka kupiga kura ya kuiondoa Kuomintang Umoja wa Mataifa. Ikaambulia kaimu balozi mwaka 1954. Balozi kamili hakupatikana hadi 1972. Nchi za kikomunisti hazikupitishwa kwenye usaili huo. Kwa hiyo fedha, silaha na mitambo vilikuwa na chimbuko moja tu, na Stalin alilijua hilo vizuri.

Mao aliondoka Beijing kwa treni tarehe 6 Desemba 1949 na kufika Moscow tarehe 16, saa sita mchana. Hakuwa amewahi kutoka nje ya China maishani mwake. Jioni ileile akaonana na Stalin. Alipogusia suala la mkataba, akajibiwa kwamba ule wa 1945 ulitokana na Yalta, kwa ridhaa ya Marekani na Uingereza. Kikiguswa kifungu kimoja, Washington na London zitapata kisingizio cha kisheria cha kufumua mengine ya Yalta, yaani visiwa vya Kuril na Sakhalin ya kusini ambavyo Urusi ilivichukua kwa Wajapani. Stalin alikuwa radhi askari wake waondoke Lüshun, mradi mkataba ubaki kama ulivyo. Maana yake: kitu utapata, karatasi hupati. Mao alikuwa amekuja kutafuta karatasi, kwa sababu mbele ya Wachina wenzake serikali iliyopigana kuondoa mikataba ya unyonge isingeweza kuishi na mkataba ulioandikwa na Chiang.

Tarehe 21 Desemba Stalin alitimiza miaka 70, na Mao akaketishwa kando yake ukumbini Bolshoi mbele ya wapiga picha. Heshima kubwa. Kisha kimya. Siku zikapita kwenye nyumba ya mapumziko nje ya jiji bila kikao cha maana, hadi Mao akawa analalamika kwamba kazi yake pale imekuwa kula, kulala na kwenda haja. Nchi za Magharibi zikaanza kunong'ona kwamba huenda amewekwa kizuizini.

Kilichogeuza upepo hakikuwa ukarimu. Burma na India zilikuwa zimeitambua Beijing kabla mwezi Desemba haujaisha, na Uingereza ilikuwa njiani. Stalin, aliyeshampoteza Tito, kiongozi wa kikomunisti wa Yugoslavia aliyejitenga naye mwaka 1948, hakutaka kumpata Tito wa pili mwenye watu zaidi ya milioni 500. Tarehe 2 Januari 1950 magazeti yalichapa mahojiano ya Mao na TASS, shirika la habari la Kisovieti, ambamo alisema waziwazi kwamba mkataba ni miongoni mwa mambo yanayozungumzwa. Saa mbili usiku wa siku hiyo Molotov na Mikoyan, wasaidizi wakuu wa Stalin, wakamfuata kumuuliza anataka nini. Akawawekea njia tatu mezani: mkataba mpya, na Zhou Enlai aje kuutia saini; au tangazo la mashirika ya habari tu kwamba pande mbili zimebadilishana mawazo; au tamko la pamoja la kanuni za uhusiano bila mkataba. Molotov akaichagua ya kwanza papo hapo. Zhou, aliyekuwa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje kwa pamoja, akaondoka Beijing tarehe 10 Januari, naye kwa treni, akafika tarehe 20.

Kikao cha tarehe 22 Januari ndicho ningependa wanafunzi wakijue. Mao, kwa ujanja au kwa tahadhari, akamkumbusha Stalin kwamba kubadili mkataba wa 1945 kunakwenda kinyume na Yalta. Stalin akajibu kwamba ni kweli kunakwenda kinyume, na Yalta iende zake. Hoja aliyoitetea kwa nguvu mwezi mmoja tu kabla aliitupa kwa sentensi moja. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kuikosa China ni hasara kubwa kuliko kuikosa Yalta.

Sasa vifungu. Mkataba wa Urafiki, Ushirikiano na Kusaidiana ulitiwa saini tarehe 14 Februari 1950 na Zhou na Vyshinsky, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, Stalin na Mao wakiwa wamesimama nyuma yao. Ulikuwa wa miaka 30. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba upande mmoja ukishambuliwa na Japani, au na dola iliyoshirikiana na Japani, na hivyo ukajikuta katika hali ya vita, upande wa pili utatoa msaada wa kijeshi na mwingineo mara moja kwa njia zote ulizo nazo. Hiyo "dola iliyoshirikiana na Japani" ilikuwa Marekani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Yashike hayo maneno "hali ya vita", tutayarudia.

Pamoja na mkataba kulikuwa na makubaliano mengine ya wazi. Reli ya Changchun irudishwe bure kwa China kabla ya mwisho wa 1952. Askari wa Kisovieti waondoke Lüshun mara mkataba wa amani na Japani utakapofungwa, ama kabla ya mwisho wa 1952, lipi litangulie. Mali zilizoshikwa Dalian zikabidhiwe ndani ya 1950. Na mkopo: dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwaka, utolewe kwa mafungu matano sawa ya dola milioni 60 kila mwaka, ulipwe kwa miaka kumi hadi mwisho wa 1963. Gawanya kwa idadi ya Wachina wa wakati ule, haifiki senti 60 kwa kichwa, na hizo si za mwaka mmoja bali kwa mkopo mzima. Wala si fedha taslimu. Mkopo ulichukuliwa kwa mitambo ya umeme, vifaa vya migodi, reli na vipuri, na ukalipwa kwa malighafi, chai, dhahabu na dola. Malighafi ambazo Warusi walizitaka hasa zilikuwa za kimkakati: tangsteni, bati, antimoni na risasi, ambazo China ingeweza kuziuza kwingine kwa fedha za kigeni kama mlango wa kwingine ungekuwa wazi. Halafu tarehe 1 Machi 1950, wiki mbili baada ya saini, Moscow ikapandisha thamani ya rubli hadi rubli 4 kwa dola. Wachina waliokuwa wakipanga bei za miamala walihisi pigo hilo mara moja.

Kurasa za siri ndizo zilizouma. Itifaki moja ya ziada ilisema kwamba katika Manchuria na Xinjiang (kaskazini-magharibi mwa China) raia wa nchi ya tatu hawatapewa vibali wala mtaji wao hautaruhusiwa kwenye viwanda, biashara au taasisi. Ilijidai kuwa ya usawa, kwani ilitaja pia Mashariki ya Mbali na Asia ya Kati ya Kisovieti, lakini nani mgeni angepewa kibali huko? Kwa Mao hayo yalikuwa majimbo mawili ya China yaliyogeuzwa nusu koloni, na aliyasema hayo kwa ukali miaka minane baadaye. Itifaki nyingine iliruhusu Umoja wa Kisovieti kupitisha askari na shehena za kijeshi kwenye reli ya Changchun. Wachina wakaomba haki hiyohiyo, wapitishe askari wao kwenda Xinjiang kwa reli ya Siberia. Wakakataliwa. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Machi, yakasainiwa makubaliano ya kampuni za ubia za mafuta na za madini huko Xinjiang, hisa nusu kwa nusu, kwa miaka 30. Na Mongolia ya Nje ikaachwa ilipo: China ya kikomunisti ikathibitisha uhuru wake.

Mao alipata nini kwa bei hiyo? Vitu viwili ambavyo asingevipata popote. Kwanza kinga: ukiivamia China umeigusa Moscow. Pili, viwanda. Orodha ilianza na miradi 50 mwaka 1950, ikaongezwa 91 Mei 1953, na mingine 15 Oktoba 1954, jumla 156, ingawa iliyojengwa kweli ilikuwa 150. Chuma cha Anshan na cha Wuhan, matrekta ya Luoyang, kiwanda cha malori cha Changchun kilichotoa lori la kwanza la Jiefang Julai 1956. Huo ndio uliokuwa uti wa mgongo wa viwanda vya China vya miaka ile, na anayesema kwamba China haikupata kitu kwa Warusi hajui anachosema.

Vita vya Korea ndivyo vilivyoonyesha mkataba unafanya kazi vipi, na wapi haufanyi. Urusi ilikuwa imesusia vikao vya Baraza la Usalama tangu Januari 1950 kwa sababu ya kiti cha China, kwa hiyo vita vilipoanza tarehe 25 Juni haikuwepo kupiga kura ya turufu, na Umoja wa Mataifa ukapeleka majeshi. Tarehe 27 Juni Marekani ikapeleka manowari zake za Kundi la 7 kwenye mlangobahari wa Taiwan. Mpango wa Mao wa kukivamia kisiwa hicho ukaishia hapo. Oktoba, majeshi ya Kim Il Sung wa Korea Kaskazini yalipokuwa yakisambaratika, Stalin akamsukuma Mao aingie, lakini ndege za kulinda askari wa China akazichelewesha. Tarehe 19 Oktoba askari wa China chini ya jenerali Peng Dehuai wakavuka mto Yalu, mpaka wa Korea, hata hivyo.

Wakavuka kwa jina la Watu wa Kujitolea. Wanafunzi hudhani ni propaganda tu. La, jina hilo lilikuwa na kazi ya kisheria: China haikutangaza vita, kwa hiyo haikuwa katika "hali ya vita", kwa hiyo kifungu cha kwanza hakikuwashwa na Stalin hakulazimika kupigana na Marekani. Marubani wake wa MiG-15 waliingia angani tangu Novemba, ila kwa siri, wakiwa wamefunika alama za nchi yao. Silaha za nchi kavu zililetwa kwa wingi, nyingi kwa mkopo. Hapo ndipo deni lilipovimba, wala si kwenye zile dola milioni 300. Na kwa kuwa vita vilikuwa vinaendelea, Septemba 1952 China yenyewe ikaomba askari wa Kisovieti wabaki Lüshun. Reli ilirudi kwa wakati, tarehe 31 Desemba 1952; Lüshun ikangoja hadi Mei 1955.

Stalin alikufa tarehe 5 Machi 1953. Khrushchev, mkuu mpya wa chama cha Kisovieti, alipokwenda Beijing Septemba na Oktoba 1954 alikuwa bado anagombania kiti chake Moscow na alihitaji kuungwa mkono na Mao, kwa hiyo akafungua mkono: hisa za Kisovieti kwenye kampuni za ubia zikahamishiwa China kuanzia 1 Januari 1955, Lüshun ikapewa tarehe, na mkopo mwingine wa rubli milioni 520 ukatolewa. Miaka ya 1954 hadi 1957 ndiyo asali ya uhusiano ule. China ilijitanua pia kwingine: makubaliano na India ya Aprili 1954 yenye zile kanuni tano za kuishi kwa amani, mkutano wa Geneva mwaka huohuo, na mkutano wa Bandung, Indonesia, Aprili 1955, ambako Zhou alikutana na Waafrika na Waasia wengi kwa mara ya kwanza.

Hotuba ya siri ya Khrushchev ya tarehe 25 Februari 1956 dhidi ya Stalin imeandikwa sana, sitairudia. Kilichomkasirisha Mao zaidi ni kwamba hakuulizwa, maana jambo lile liligusa kila chama kilichotundika picha ya Stalin ukutani, pamoja na chake.

Mwaka 1958 ndio ningekushauri uufundishe kwa kina. Aprili, waziri wa ulinzi wa Kisovieti, Malinovsky, alimwandikia mwenzake wa China, Peng Dehuai, akipendekeza kujenga pamoja kituo cha redio ya mawimbi marefu kwenye pwani ya China, cha kuwasiliana na nyambizi za Kisovieti zilizoko Pasifiki. Gharama ilikadiriwa rubli milioni 110: Moscow itoe 70, Beijing 40. Kibiashara ni ofa nzuri. Wachina wakajibu: tunakitaka, tutakilipia chote, na kitakuwa chetu, nyinyi mtakitumia. Moscow ikashikilia kuchangia. Wahasibu wa Kirusi hawakuelewa ni mtu gani anayekataa kulipiwa karibu theluthi mbili ya gharama, lakini kwa Mao anayelipa ana hisa, na mwenye hisa ana neno. Reli ya Changchun na kampuni za Xinjiang zilikuwa zimemfundisha hilo.

Suala hilo likiwa bado mezani, tarehe 21 Julai balozi wa Kisovieti, Yudin, akaleta jingine: China iliyokuwa imeomba teknolojia ya nyambizi za nyuklia inashauriwa iunde kikosi cha nyambizi cha pamoja. Mao alimwita tena kesho yake akamsomea hesabu nzima kuanzia Stalin: mlitudharau, hamkutuamini, mliifanya Manchuria na Xinjiang kuwa maeneo yenu, sasa mnataka pwani. Khrushchev akaruka Beijing kwa siri tarehe 31 Julai kwenda kutuliza. Mao akampokea siku moja kwenye bwawa la kuogelea, mwenyeji akielea kwa raha zake na mgeni, asiyejua kuogelea, akihangaika na boya. Mapendekezo ya kikosi cha pamoja yakafutwa. Kisha tarehe 23 Agosti mizinga ya China ikaanza kuvipiga visiwa vya Jinmen vilivyoshikwa na Kuomintang, na Khrushchev, aliyekuwa Beijing wiki tatu tu kabla, hakuwa ameambiwa kitu. Kwa Warusi hilo lilikuwa tusi, na pia hatari: mshirika anaweza kuwaingiza kwenye vita vya nyuklia bila hata kuwapa taarifa.

Kuanzia hapo mambo yakaporomoka. Kwa makubaliano ya tarehe 15 Oktoba 1957 Moscow ilikuwa imeahidi kuwapa Wachina mfano wa bomu la atomiki na michoro yake. Barua ya tarehe 20 Juni 1959 ikasema haitatolewa. China ikauita mradi wake wenyewe 596, yaani mwaka 59 mwezi wa 6, na kulilipua bomu lake huko Lop Nur tarehe 16 Oktoba 1964. Agosti 1959 askari wa China na India walipigana Longju mpakani, na TASS ikatoa tamko la kutoegemea upande tarehe 9 Septemba. Beijing ilisoma humo kwamba mshirika wake amelinganisha ndugu na jirani. Tarehe 2 Oktoba viongozi walitukanana uso kwa uso mjini Beijing, Khrushchev akiwa ametoka Marekani siku chache tu nyuma. Makala za itikadi za China za Aprili 1960, zile ambazo wanafunzi wako huanzia, zilifuata baada ya haya yote.

Notisi ya kuwaondoa wataalamu ilitolewa tarehe 16 Julai 1960. Kwa hesabu za China waliondoka 1,390 ndani ya wiki chache, mikataba 343 ikavunjwa na miradi 257 ya kisayansi na kiufundi ikafutwa. Madhara hayakuwa sawa kila mahali. Kiwanda kilichokwisha kujengwa kiliendelea kufanya kazi, kwani Wachina walikuwa wameshajifunza kukiendesha. Kilichoumia ni kile ambacho jengo lilikuwa limesimama, mitambo nusu imefika, na michoro ya nusu iliyobaki imeondoka na mhandisi kwenye begi lake. Vipuri navyo vilikuwa vya vipimo vya Kisovieti, havipatikani kwingine.

Kuna jambo la wataalamu hao linalotugusa sisi. China ililipa mishahara yao, na juu yake fidia kwa taasisi walizotoka, na iliwapa makazi na huduma ambazo mhandisi wa Kichina hakuziota. Zhou Enlai alipotangaza kanuni nane za misaada akiwa ziarani Afrika Januari 1964, ya nane ilisema mtaalamu wa China ataishi maisha ya kiwango kimoja na mtaalamu wa nchi mwenyeji, bila kudai chochote cha ziada. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa masharti ya aina hiyo: mkopo wa yuan milioni 988, bila riba, kulipwa kwa miaka 30. Mtu akiyaweka masharti hayo kando ya yale ya 1950 ataona China ilikuwa inamjibu nani.

Sasa njaa na madeni. Simulizi hiyo ilisambazwa ndani ya China tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wazee wengi huko bado wanaiamini, lakini hesabu haziibebi. Zhou alitaja mwaka 1964 kwamba mikopo yote pamoja na riba ilikuwa rubli mpya (za baada ya mabadiliko ya sarafu ya 1961) milioni 1,406, na ikamalizwa kulipwa mwaka 1965. Sehemu kubwa ilikuwa ya silaha za Korea, na iliendelea kulipwa kwa ratiba iliyojulikana tangu zamani. Mwaka 1960 Moscow haikudai ilipwe mapema. Viongozi wa China wenyewe waliamua kufunga mkanda na kuharakisha, kwa sababu ya heshima. Deni jipya lilitokana na biashara ya 1960, pale China iliposhindwa kupeleka mazao iliyoahidi. Aprili 1961 Moscow ilikubali deni hilo lisogezwe mbele, lilipwe bila riba hadi 1965, ikaikopesha pia China tani 500,000 za sukari.

Njaa ilitoka ndani. Katika kampeni ya Hatua Kubwa Mbele iliyoanza 1958, makada wa wilaya walitangaza mavuno ya uongo, na serikali ikakadiria mgawo wake kwa takwimu hizo za uongo. Ikikusanya sehemu yake, mkulima anabaki na ghala tupu. Nguvu kazi ilihamishwa kwenye tanuri za chuma wakati wa kuvuna. Majiko ya nyumbani yakafungwa, watu wakala kwenye mabwalo ya pamoja bila kipimo hadi akiba ikaisha. Julai na Agosti 1959, kwenye mkutano wa Lushan, Peng Dehuai alimwandikia Mao kumtahadharisha. Akaondolewa uwaziri, na baada yake hakuna aliyethubutu kuripoti njaa. Mwaka huohuo China iliuza nje zaidi ya tani milioni 4 za nafaka. Ndiyo, sehemu ya nafaka hiyo ilikwenda Urusi kulipia mitambo na madeni, na hapo tu ndipo simulizi ina chembe ya ukweli. Lakini kiasi cha kuuza kilipangwa Beijing, na kingeweza kupunguzwa Beijing, kama kilivyokuja kupunguzwa 1961 China ilipoanza kununua ngano Canada na Australia. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kuanzia milioni 15 hadi milioni 45.

Unaposahihisha, kuna kosa la kawaida la kuangalia: tarehe 14 inawachanganya. Mkataba na Chiang ni wa 14 Agosti 1945, na wa Mao ni wa 14 Februari 1950. Na ukimkuta anayesema mkataba ulivunjwa 1960, mwekee alama ya kusahihisha. Hakuna aliyeuvunja. Majeshi ya nchi hizo yalipigana risasi kwenye kisiwa cha Zhenbao, mpakani, Machi 1969 wakiwa bado washirika kwa karatasi, na ni Aprili 1979 tu ndipo China ilipotoa notisi ya kutouhuisha. Ukaisha muda wake tarehe 11 Aprili 1980, miaka 30 kamili tangu uanze kutumika.